John Walker: Muuza duka aliyeuza wiski ya wenzake, jina likabaki lake

MSIMU wa kurina asali unapokwisha katika vijiji vya Kibondo, Kakonko na Kasulu, ndoo na madumu hupangwa kando ya barabara kusubiri wanunuzi. Asali hupakiwa kwenye malori na mabasi, inasafiri mamia ya kilomita, na ikifika mjini inachujwa upya, inatiwa kwenye chupa na kubandikwa lebo. Mlaji wa Mwanza au Dar es Salaam anasoma jina la aliyeifungasha. Hajui kama imetoka katika mapori ya miombo ya Mtendeli au kwingineko.

Mfugaji wa nyuki amefanya kazi yote ngumu: kuchonga mzinga, kuupandisha mtini, kusubiri miezi na kuvumilia miiba. Lakini sehemu kubwa ya bei anayolipa mlaji inabaki kwa mtu ambaye hana hata mzinga mmoja.

Wengi humwita mtu huyo mnyonyaji, na wapo wanaostahili jina hilo. Hata hivyo, historia ya biashara duniani inaonyesha kuwa kazi ya mtu wa kati anayejua kuchagua, kuchanganya, kutunza na kufungasha ni kazi halisi yenye thamani yake. Swali ni nani aifanye na nani abaki na jina.

Mfano mmoja mkubwa wa jambo hili ni maisha ya John Walker, muuza duka wa mji mdogo wa Kilmarnock nchini Scotland, aliyefariki mwaka 1857. Jina lake liko kwenye chupa za wiski zinazouzwa karibu kila nchi duniani, Tanzania ikiwemo. Pamoja na hayo, John Walker hakumiliki kiwanda cha kutengeneza wiski hata siku moja.

Pombe kali ina madhara yake, na wasomaji wengi hawaigusi kwa sababu za dini au afya. Habari hii haimshawishi mtu kunywa. Inahusu jinsi zao la shambani linavyopata jina, na jinsi jina hilo linavyoweza kumtajirisha mtu, familia au mji, au kuwaponyoka.

Mtoto wa mkulima aliyenunuliwa duka

John Walker alizaliwa Julai 25, 1805, katika shamba la Todriggs karibu na Kilmarnock, mji ulio kusini-magharibi mwa Glasgow. Baba yake, Alexander, alikuwa mkulima. Kama ilivyo kwa watoto wa wakulima popote, ilitarajiwa kwamba John angerithi jembe.

Mwaka 1819 baba yake alifariki. John alikuwa na umri wa miaka 14 tu, mdogo mno kuendesha shamba. Wadhamini waliosimamia mirathi waliamua kuuza mali ya shamba, na zikapatikana pauni 417. Wangeweza kuzigawa kidogo kidogo kwa matumizi ya familia mpaka ziishe. Badala yake, mwaka 1820 waliziwekeza katika duka la vyakula, mvinyo na pombe kali katika barabara kuu ya Kilmarnock, na kijana huyo akawekwa hapo kufanya kazi.

Uamuzi huo wa wadhamini hautajwi sana, lakini ndio mwanzo wa kila kitu. Mtaji wa shamba haukuliwa, ulihamishiwa kwenye biashara iliyowaunganisha wakulima wa vijijini na walaji wa mjini.

Kilmarnock ya wakati huo ilikuwa mji unaokua. Ilijulikana kwa mazulia na kofia za sufu, na wafanyakazi wa viwanda hivyo walihitaji kununua chakula na vinywaji. Duka la Walker liliuza chai, sukari, viungo na bidhaa nyingine za nyumbani. Hadi mwaka 1825, akiwa na miaka 20, alikuwa anauza pia ramu, brandi, jini na wiski.

Mwaka 1833 alioa, mkewe akiitwa Elizabeth Purves. Miongoni mwa watoto wao alikuwamo Alexander, aliyezaliwa mwaka 1837 na kupewa jina la babu yake. Huyu ndiye atakayeibeba biashara baadaye.

Wiski ilikuwa ya wengine

Kuelewa kazi ya Walker kunahitaji kuelewa wiski ilikuwa bidhaa ya namna gani siku hizo. Kwa asili ni zao la mkulima. Shayiri iliyobaki baada ya mavuno iliotesha kimea, ikachachushwa, kisha ikachemshwa kwenye mtungi wa shaba na mvuke wake kupozwa kuwa pombe kali. Kanuni ni ile ile inayotumika kwenye gongo la ndizi vijijini, ila vifaa, usafi na muda wa kutunza ndivyo vinavyotofautiana.

Hata uhusiano na serikali ulifanana. Ushuru ulikuwa mkubwa mno, kwa hiyo wakulima wengi wa nyanda za juu za Scotland walipika kwa siri na kuwakimbia maofisa wa ushuru. Mwaka 1823 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyopunguza sana ushuru na kuruhusu mtu yeyote mwenye mtambo wa ukubwa uliokubalika kupata leseni kwa pauni 10 kwa mwaka. Ndani ya miaka michache wengi walitoka mafichoni. Sheria nafuu ilifanya kile ambacho bunduki za maofisa zilishindwa.

John Walker alikuwa na takriban miaka 18 sheria hiyo ilipopitishwa. Kwa mwenye duka, maana yake ilikuwa moja: wiski halali, ya viwanda vingi tofauti, ilianza kupatikana kwa wingi.

Tatizo lilikuwa ubora. Wiski ilifika dukani ndani ya mapipa. Pipa moja lingeweza kuwa zuri na la pili kutoka kiwanda kile kile likawa kali na lenye moshi mwingi. Mteja alikuja na jagi au chupa yake, akajaziwa, na wiki iliyofuata akarudi kukuta ladha nyingine. Hakukuwa na lebo ya kumwambia anachonunua. Chupa za kioo zenyewe zilikuwa ghali, kwani Uingereza ilitoza kodi ya kioo mpaka mwaka 1845.

Hapo ndipo muuza duka alipopata nafasi. Walker alichanganya wiski za mapipa tofauti kulingana na matakwa ya mteja, mpaka akapata ladha ambayo mteja angeikuta tena siku nyingine. Haikuwa kazi ya kuongeza maji kuficha udhaifu, ingawa wafanyabiashara wasio waaminifu walifanya hivyo. Ilikuwa kazi ya pua na ulimi, ya kujua pipa lipi linafaa kukaa na lipi. Alichouza hasa ni uhakika.

Kwa miaka mingi hakuwa na chapa. Baadaye jina lake lilianza kutumika, na wiski ya duka ikajulikana kama Walker's Kilmarnock Whisky, yaani wiski ya Walker wa Kilmarnock. Jina la mtu na jina la mji vilikaa pamoja. Hakuna jina la kiwanda kilichoipika, wala la mkulima aliyelima shayiri.

Mafuriko yaliyofagia ghala

Mwaka 1843 reli iliiunganisha Kilmarnock na Glasgow. Bidhaa ziliingia na kutoka kwa gharama ndogo zaidi. Duka likawa na jina zuri mjini, na mwenyewe akawa mtu wa kuheshimika.

Kisha mwaka 1852 mto unaopita mjini ulifurika. Maji yaliingia kwenye nyumba na maghala, na akiba ya Walker iliharibiwa. Hakuwa na bima. Mtu aliyekaribia miaka 47, mwenye mke na watoto, alijikuta akirudi karibu na pale alipoanzia zaidi ya miaka 30 kabla.

Alijenga upya. Kilichobaki baada ya maji kuondoka ni vitu viwili ambavyo maji hayavichukui: ujuzi wa kuchanganya na imani ya watu waliomfahamu. Mfanyabiashara asiyeaminika asingepewa tena bidhaa za kuanzia, na wala wateja wasingerudi.

Hata hivyo hakuishi kuona makubwa. Alifariki mwaka 1857 akiwa na umri wa miaka 52. Wakati huo wiski ilikuwa ni takriban asilimia 8 tu ya mapato ya biashara yake. Kama angeulizwa kazi yake, kuna uwezekano mkubwa angesema ni muuza vyakula.

Mtoto, chai na sheria mpya

Alexander Walker alikuwa na miaka 20 alipochukua usukani. Kabla ya hapo alikuwa Glasgow akijifunza biashara, na inaelezwa kuwa huko alijifunza kuchanganya chai. Yeyote anayefahamu chai anajua kuwa pakiti ya dukani si jani la shamba moja. Ni mchanganyiko wa majani ya mashamba mengi unaopangwa ili ladha isibadilike. Ujuzi huo aliuhamishia kwenye wiski.

Bahati nayo ilikuja upande wake. Mwaka 1830 Aeneas Coffey, aliyewahi kuwa ofisa wa ushuru huko Ireland, alipata hataza ya mtambo uliotoa pombe ya nafaka mfululizo, kwa wingi na kwa bei ndogo. Pombe hiyo ilikuwa laini lakini haina ladha kubwa. Mwaka 1860 sheria iliruhusu wafanyabiashara kuchanganya wiski ya kimea na ile ya nafaka wakiwa bado kwenye ghala la forodha, kabla ya kulipa ushuru. Mtaji ukaachiliwa, na wiski iliyochanganywa ikawa nafuu na laini kwa watu wengi zaidi.

Mwaka 1867 Alexander alisajili lebo ya wiski yake ya Old Highland. Biashara hiyo ikatambulika pia kwa chupa ya mraba. Chupa ya mraba hupangika vizuri sandukuni, hubeba nafasi ndogo na huvunjika kidogo kuliko ya duara. Lebo ilibandikwa kwa kuinamishwa, nyuzi 24, ili maandishi yawe makubwa na bidhaa itambulike kutoka upande wa pili wa duka. Hizo si mbwembwe za urembo. Ni hesabu za usafirishaji na mauzo.

Kwa masoko ya ng'ambo alitumia manahodha wa meli zilizotoka Glasgow. Walibeba wiski na kuiuza walikofika kwa malipo ya kamisheni. Mfanyabiashara wa mji usio na bandari alipata wakala katika bandari nyingi bila kufungua ofisi.

Wakati huo huo mdudu aitwaye filoksera alikuwa anateketeza mizabibu ya Ufaransa. Mvinyo na brandi vikaadimika, na wanywaji wa Uingereza wakahamia kwenye wiski. Msiba wa mkulima wa zabibu ukawa soko la mkulima wa shayiri.

Alexander alifariki mwaka 1889. Wiski iliyokuwa asilimia 8 ya mapato wakati wa baba yake ilikuwa imefika kati ya asilimia 90 na 95. Wajukuu wa John waliendeleza kazi, na mwaka 1909 walizipa wiski zao rasmi majina ya rangi ambazo wateja walikwishazoea kuzitaja: lebo nyekundu na lebo nyeusi. Wakati huo huo ndipo ilipotumika picha ya mtu anayetembea kwa hatua ndefu, iliyochorwa na msanii Tom Browne. John Walker alikuwa kaburini kwa zaidi ya miaka 50.

Mama wa Cardhu

Mchanganyaji asiye na kiwanda ana udhaifu mmoja mkubwa. Siku mwenye pipa akikataa kuuza, au akipandisha bei, hana la kufanya. Familia ya Walker ililiona hilo, na mwaka 1893 ilinunua kiwanda cha Cardhu katika bonde la mto Spey.

Historia ya Cardhu ni ya wakulima. John Cumming na mkewe Helen walipika wiski shambani kwao bila leseni kwa miaka, kabla ya kuipata mwaka 1824. Inasimuliwa kuwa Helen aliwakaribisha maofisa wa ushuru mezani kwake, kisha akatoka nje kupandisha bendera nyekundu ili majirani wafiche mitambo yao.

Aliyekiuza kiwanda mwaka 1893 ni mkwe wake, Elizabeth Cumming, mjane aliyekuwa amekiendesha kwa zaidi ya miaka 20 na kukijenga upya. Alijua thamani ya alichonacho. Hakuuza na kuondoka. Alidai familia yake iendelee kukiendesha, na mwanawe akaingia katika bodi ya kampuni ya Walker. Mjukuu wake, Ronald Cumming, alikuja kuwa mwenyekiti wa Distillers Company, muungano mkubwa wa wenye viwanda vya wiski ambao kampuni ya Walker ilijiunga nao mwaka 1925.

Mzalishaji mdogo aliyekaa mezani na mnunuzi mkubwa alitoka na fedha pamoja na kiti. Si kila mzalishaji hupata yote mawili, lakini Elizabeth Cumming aliyapata kwa sababu aliyadai kabla ya kutia saini.

Wafungashaji wa kujitegemea

Wakati Walker wakikua, maduka mengine ya vyakula ya Scotland yalibaki kwenye kazi ya mwanzo ya John: kununua mapipa ya watu, kuyatunza na kuyauza kwa jina la duka. Hao ndio asili ya wafungashaji wa kujitegemea, kundi dogo lenye heshima kubwa katika biashara ya wiski mpaka leo.

Duka la Cadenhead lilianzia mwaka 1842 katika mji wa Aberdeen. Gordon & MacPhail lilifunguliwa mwaka 1895 mjini Elgin, likiuza vyakula, mvinyo na pombe kali. Gordon & MacPhail walikuwa na utaratibu wao. Walinunua mapipa matupu, wakayapeleka viwandani yajazwe pombe mpya, kisha wakayatunza kwa miaka mingi. Mengine yalikaa miaka 30, 50 na hata zaidi.

Kazi hiyo inahitaji mtaji wenye subira. Sheria ya Uingereza inataka wiski ya Scotland ikae kwenye mapipa ya mwaloni si chini ya miaka 3. Kila mwaka takriban asilimia 2 ya kilichomo hupotea kama mvuke. Mwenye ghala anapoteza kiasi huku akitumaini kuwa ladha na bei vitapanda kuliko hasara.

Umuhimu wao ulionekana zaidi katika karne ya 20. Viwanda vingi viliuza karibu kila tone kwa wachanganyaji kama Walker. Wiski ya kiwanda kimoja ilizama ndani ya mchanganyiko na hakuna mnywaji aliyeijua kwa jina. Mwaka 1968 Gordon & MacPhail walianza kutoa mfululizo wa chupa zilizotaja kiwanda kilipotoka kila kinywaji. Viwanda vilivyokuwa havijulikani nje ya wilaya zao vikapata jina. Viwanda vilivyofungwa, kama Port Ellen na Brora vilivyosimama mwaka 1983, viliendelea kukumbukwa kwa sababu baadhi ya mapipa yao yalikuwa mikononi mwa wafungashaji hao. Vyote viwili vilifunguliwa tena: Brora mwaka 2021 na Port Ellen mwaka 2024.

Hivyo mtu wa kati, ambaye katika simulizi ya Walker alilifunika jina la mzalishaji, hapa ndiye aliyelifunua.

Wenye viwanda hawakufurahi wakati wote. Wapo waliokataza majina yao yasitumike. Wengine huongeza pombe kidogo ya kiwanda kingine kwenye pipa kabla ya kuliuza, kiasi kinachofananishwa na kijiko cha chai, ili mnunuzi asiweze tena kuliita la kiwanda kimoja. Jina, kumbe, ni mali inayolindwa kwa wivu kama shamba.

Na mahitaji yalipopanda, udhaifu ule ule ulirudi. Cadenhead ilinunuliwa mwaka 1972 na wenye kiwanda cha Springbank. Gordon & MacPhail walinunua kiwanda cha Benromach mwaka 1993, miaka 100 kamili baada ya Walker kununua Cardhu. Mwaka 2023 wakatangaza kuwa kuanzia 2024 hawatajaza tena mapipa kwa pombe ya viwanda vya wengine, bali watategemea viwanda vyao wenyewe na akiba iliyopo ghalani.

Jina lilipouhama mji

Kampuni ya Walker iliendelea kupita mikononi mwa wakubwa. Distillers Company ilinunuliwa na Guinness mwaka 1986, na mwaka 1997 ikazaliwa kampuni ya Diageo yenye makao London.

Mwaka 2009 Diageo ilitangaza kukifunga kiwanda cha kufungashia cha Kilmarnock. Maelfu ya watu waliandamana mjini kupinga. Haikusaidia. Mwaka 2012 kiwanda kilifungwa, na ajira zipatazo 700 zikapotea. Uhusiano wa karibu miaka 200 kati ya mji na jina la John Walker ukabaki kwenye vitabu.

Wiski haikuacha kuuzwa. Ilifungashwa kwingine nchini Scotland. Mji uliolipa jina hilo mwanzo wake haukuwa na hisa, lebo wala sauti kwenye bodi.

Scotland kama nchi ilijilinda vizuri zaidi kuliko Kilmarnock. Wiski haiwezi kuitwa ya Scotland kama haikutengenezwa na kukomazwa humo. Kanuni za mwaka 2009 ziliongeza kuwa, kuanzia Novemba 2012, wiski ya kimea ya kiwanda kimoja ni lazima ifungashwe Scotland kwenyewe. Haitoki tena kwa mapipa kwenda kutiwa chupa ng'ambo.

Somo kwa Kibondo na Kasulu

Afrika Mashariki nayo ina mfano wake. Katikati ya miaka ya 1960 Uganda ilitunga sheria ya enguli, pombe kali ya kienyeji inayopikwa zaidi kwa ndizi. Wapikaji walitakiwa kuwa na leseni na kuuza kwa kiwanda kimoja, ambacho kiliisafisha upya na kuitia kwenye chupa kwa jina la Uganda Waragi. Jina hilo linauzwa mpaka leo. Majina ya wapikaji wa vijijini hayakufika kwenye lebo, na wengi waliendelea kupika nje ya sheria. Tanzania vile vile, gongo lisilo na leseni ni kosa, na linaendelea kuua na kupofusha watu.

Kwa nyanda za juu za Kigoma, zao la kufikiria ni asali, na baada yake kahawa. Mtendeli yenyewe, iliyokuwa Kibondo na sasa iko Kakonko, ilijulikana nje kwa kambi ya wakimbizi wa Burundi, iliyofungwa mwaka 2021. Kambi ilipoondoka, wanunuzi wengi wa karibu nao waliondoka. Kinachobaki ni kile ambacho ardhi na misitu inatoa, pamoja na barabara ya kukipeleka mbali.

Maisha ya John Walker yanatoa mafunzo machache yanayopimika.

La kwanza ni uhakika wa ubora. Asali ya wanakijiji 50 ina rangi, unyevu na ladha 50. Chama cha msingi kinachoipima, kuikataa iliyo na moshi au maji, na kuchanganya inayofanana, kinafanya kazi aliyoifanya Walker. Bila hatua hiyo lebo haina maana, kwani mteja akiumizwa mara moja harudi.

La pili ni chombo na muda. Ndoo safi yenye mfuniko, chumba kikavu na uwezo wa kusubiri miezi michache baada ya msimu ndiyo ghala la mapipa la mfugaji nyuki. Anayeuza siku ile ile aliyorina kwa sababu ya ada ya shule au deni la dukani hana nguvu ya kujadili bei. Hapo ndipo akiba na mikopo ya chama inapohitajika kabla ya msimu, si baada yake.

La tatu ni jina. Alama ya biashara husajiliwa BRELA, ubora huthibitishwa na TBS, na SIDO husaidia masuala ya vifungashio. Gharama na safari zipo, lakini zikigawanywa kwa wanachama mzigo unapungua. Jina lisajiliwe kwa chama, si kwa mwenyekiti wala kwa mfadhili.

La nne ni masharti. Si lazima kila kijiji kijenge kiwanda. Mfungashaji wa mjini anaweza kuwa mshirika mzuri, kama Gordon & MacPhail walivyoviinua viwanda vilivyosahaulika. Lakini mkataba useme wazi kwamba asali inatoka wapi, jina la eneo liandikwe kwenye chupa, na wazalishaji wapate sehemu bei inapopanda. Mkataba wa namna hiyo unaandikwa kabla lori halijapakiwa.

Elizabeth Cumming alidai kiti kabla ya kutia saini, na familia yake ikakaa mezani kwa vizazi. Kilmarnock haikuwa na cha kudai, na ilipofika mwaka 2009 ilibaki kuandamana barabarani. Ndoo zilizopangwa kando ya barabara ya Kibondo bado hazina jina, na nafasi ya kuchagua lipi kati ya hayo mawili liwafuate wenye mizinga bado iko wazi.